Boflo Nne na Elfu Moja Iliyorudi

Siku ile ndiyo nilimtuma mwanangu dukani peke yake kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nimejipanga wiki nzima. Boflo moja, yaani mkate mdogo, kwa ami wa dukani ni shilingi 250, kwa hiyo nikachagua boflo nne, zitimie 1,000 kamili, pasiwe na chenji ya kumchanganya. Noti nikaikunja mara mbili, nikamtia kiganjani. "Boflo nne. Mpe ami pesa. Rudi." Akanirudishia kama nilivyomwambia: "Nne. Pesa. Rudi." Kutoka mlangoni kwetu hadi dukani hapazidi hatua themanini, njia ya mchanga na mwembe mmoja katikati. Nikajibanza nyuma ya pazia nikikiangalia kisogo chake mpaka kikapotelea mwembeni, na moyo unanienda mbio utadhani nimempandisha boti ya kwenda Unguja.

Akarudi. Kikapu mkono wa kulia, boflo ndani yake, nne. Nikataka kupiga vigelegele.

Halafu akafungua mkono wa kushoto.

Elfu yangu ilikuwa mle mle, imelowa jasho, na mikunjo ile ile niliyoikunja mimi.

Nikaenda nayo dukani. Ami akacheka, akaisukuma noti juu ya meza inirudie. "Nimchukulie pesa huyu, dada'angu? Huyu malaika. Niache na miye nitafute thawabu zangu." Waliokaa barazani wakaitikia kwa vichwa, mmoja akasema mashaallah. Nikashukuru, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikarudi nyumbani na pesa yangu.

Tangu siku hiyo, kwa wiki kama sita, sikutulia.

## Malaika na mwizi

Mwanangu ana miaka 11. Alizaliwa na hali ya Down, ile inayomfanya mtoto achelewe kujifunza, na nyumbani tunamwita Bwana Mdogo, kwa sababu tangu alipoanza kutembea alitembea kwa madaha kama mtu anayekwenda kukagua shamba lake. Wete yote, mji wetu huu wa Pemba, inamjua, au mimi naona hivyo. Utingo hamtozi nauli. Harusini sahani yake inatangulia kabla ya wazee. Wenzake wakicheza nage, akirushiwa mpira ukampata wanasema haukumpata. Hakuna mlango uliofungwa mbele yake, na ndiyo maana hajui kubisha hodi.

Haya yote mimi nilikuwa nikiyahesabu ni neema, na nikimshukuru Mungu. Nimesikia ya wenzangu, watoto wao wakiitwa mazezeta njiani na kutupiwa mawe. Sasa mimi nilalamike kwa sababu mwanangu anapendwa?

Lakini usiku nilikuwa nikimwona ana miaka 25. Mabega mapana kama ya baba yake, ndevu, sauti nzito. Yuko Chake Chake, mji mwengine, mbele ya duka ambalo mwenye duka hamjui. Anaona boflo. Ananyoosha mkono, anachukua, anaondoka zake, anatabasamu.

Mtoto akichukua boflo bila kulipa ni malaika. Mwanamume mwenye ndevu akichukua boflo bila kulipa ni mwizi, na mwizi sote tunajua anavyofanywa.

Naye atakuwa hakufanya lolote ila lile tulilomfundisha.

## "Anaendelea vizuri"

Skuli anakwenda. Hilo niliseme mapema, maana kuna wazazi bado wanafungia watoto ndani. Sheria ya watu wenye ulemavu Zanzibar tunayo tangu 2006, na hii elimu mjumuisho, ya kuwasomesha watoto wote pamoja, naiunga mkono kwa mikono miwili. Sitaki mtu anisome vibaya.

Ila nina ripoti zake za miaka minne, nimezipanga kwenye bahasha moja. Zote nne zina sentensi moja: anaendelea vizuri.

Anaendelea kwenda wapi?

Kwa miaka minne amekuwa akinakili ba-be-bi-bo-bu kutoka ubaoni. Ananakili vizuri, herufi zimekaa kwenye mstari. Ukimfunikia ubao hajui hata moja. Lakini mpeleke kituo cha gari, magari matatu yamepanga, atakuonesha ya 606 kabla hujaiona wewe, kwa kuwa hiyo ndiyo gari ya kwa shangazi yake Chake na kwa shangazi kuna visheti. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza kuhusu 606. Na mimi sikuwahi kuwaambia, maana sikudhani kuwa hiyo ni elimu.

Mwaka jana akaja mwalimu mpya, binti mdogo, bado anaogopa wazazi. Akaniita. Nilidhani Bwana Mdogo kapiga mtu. Akaniuliza: "Mama, akiwa na miaka 20 unataka siku yake iweje?"

Nikamjibu, "Awe na afya na watu wamuonee imani."

Akasema kwa adabu, macho chini, "Hiyo ni dua, mama. Tuendelee nayo. Na mpango?"

Sikuwa nao.

Akanipa kazi, kama mwanafunzi. Niandike siku moja ya mwanangu kutoka alfajiri hadi isha: kila kinachofanyika na nani anakifanya. Kuvua nguo za kulala: mimi. Kupiga mswaki: yeye, nikishika mkono. Vifungo: dada yake. Kandambili: yeye. Kumimina chai: dada yake. Kuondosha kikombe: hakuna, kinabaki hapo mpaka nipite. Nilifika vitu 31. Alivyokuwa akivifanya mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, vilikuwa sita.

Nikalitazama lile karatasi. Nilikuwa nimejisifu kwa miaka 11 kuwa mwanangu hakosi kitu.

## Kifungo cha mwisho

Tukaanza na shati la skuli. Lina vifungo sita.

Mimi siku zote nilikuwa nikimwachia aanze cha juu. Anahangaika, anatoa ulimi nje, muda unakwenda, namalizia. Mwalimu akaniambia nigeuze. Nifunge vitano, nimwachie cha mwisho tu, cha chini, ambacho anakiona bila kuinamisha shingo. Na hata hicho nikipitishe nusu kwenye tundu, yeye avute. Akiweza, namwachia viwili. Kisha vitatu. Siku zote yeye ndiye anayemaliza.

Niliona kama mchezo, mpaka nilipofahamu nilichokuwa nikikifanya zamani. Kila asubuhi nilimwachia kuanza na nikamnyang'anya kumaliza. Kitu pekee alichokuwa akijifunza kwenye shati lile ni kushindwa, na alikijifunza vizuri sana. Akifika kifungo cha pili alikuwa anaachia mikono mwenyewe na kunisogezea kifua.

Vifungo sita vilituchukua wiki tano.

Kipindi hicho nilikuwa nikisoma usiku kwenye simu, kila nilichokipata. Uingereza wana mwongozo wa serikali wa 2015 kuhusu watoto wenye mahitaji maalum: mtoto akifika mwaka wa 9 wa skuli, miaka 13 au 14, kila mpango wake unapopitiwa lazima yazungumzwe maisha ya utu uzima, yaani kazi, makazi, marafiki, afya. Na mpango huo unaweza kuendelea mpaka miaka 25. Nilipoona 14 nikapumua. Bado miaka mitatu! Halafu nikakumbuka vile vifungo. Kama shati ni wiki tano, nauli ni miezi mingapi? Kusubiri zamu? Kusema "naumwa hapa"? Mwongozo wenyewe, nilipousoma vizuri, unasema maandalizi yaanze tangu utotoni, na hiyo 14 ni pale ambapo hakuna tena kisingizio.

Watu hunifariji: akikua atakwenda Vitongoji, kwenye mafunzo ya amali. Inshaallah. Lakini fundi wa useremala hataanza kumfundisha kijana wa miaka 17 kwamba msumeno ukiwa mkononi mwa mwenzio unangoja.

## Simba wawili

Pesa ndiyo ilinitoa jasho.

Nilidhani nimepata njia ya mkato: wanyama. Noti ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, ya 10,000 ina tembo. Bwana Mdogo anawapenda wanyama. Ndani ya siku chache akawa anazitaja noti kwa mbio, "Simba! Tembo!", na mimi nikaanza kuwapigia simu ndugu zangu.

Siku moja nikamwambia aniletee simba kutoka kwenye pochi. Akaleta sarafu ya 200.

Nikamkatalia. Akaigeuza akanionesha. Upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba wawili, wamekaa pale wanamtazama. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye tatizo.

Nilicheka mpaka machozi. Miaka yote hiyo sarafu ile inapita mikononi mwangu, sikuwahi kuitazama. Yeye aliitazama. Na kwa hoja yake, sarafu ina simba wawili, noti ina mmoja, ipi kubwa?

Basi wanyama tukawaacha, tukaenda kwenye kazi ya pesa. Elfu ya bluu ni boflo nne. Tukazipanga mezani, noti chini, boflo nne juu yake. Ukiondoa noti, boflo zinarudi kikapuni. Hakuna noti, hakuna boflo. Mara kumi, mara ishirini, mpaka boflo zikakauka tukazila na chai.

## Jamvi la karafuu

Kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kumhurumia, naye ni bibi yake, mama yangu.

Msimu wa karafuu jioni tunatandika majamvi ukumbini, mbichi zinamwagwa, tunakaa duara tunachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Wengine tunazungumza, mikono inakwenda yenyewe, na konyo hili na lile linapita. Bwana Mdogo hazungumzi. Vidole vyake vifupi vinachukua kishada kimoja, anakizungusha, anakikata kwa kucha ya gumba, karafuu zinaanguka. Makonyo yake anayalaza yote yakitazama upande mmoja. Hakuna aliyemfundisha hivyo na hakuna faida yoyote, lakini ukiyavuruga anaanza upya kuyapanga.

Mwaka juzi bibi yake aliwalipa wajukuu kwa pishi. Mmoja pishi nne, mwengine tatu. Kwa Bwana Mdogo akapima, akasema pishi mbili na kibaba. Dada yake akasema, "Bibi, mzungushie ziwe tatu, huyu jamani." Mama akamtazama. "Kwani zimekuwa tatu?"

Nilimwona katili siku ile. Sasa naikumbuka tofauti, maana ile pesa ya pishi mbili na kibaba ndiyo pesa pekee aliyoificha mwenyewe, kwenye soksi, na kila mgeni akija alikuwa akiitoa kumwonesha. Pesa za sikukuu anazopewa bure huwa anazisahau kwenye kiti.

Nisimpake mama mafuta lakini. Mama huyu huyu hataki hata kusikia kwamba siku moja mjukuu wake atapanda 606 peke yake. Nilipolitaja alinuna siku mbili. "Ana watu. Kwa nini apande peke yake?"

Na swali hilo sikuweza kulijibu haraka, wala sijui kama nimelijibu sasa. Nani kwetu anaishi peke yake? Kaka yangu ana miaka 34, kila mchana anakula kwa mama, hajui chumvi inakaa wapi, na hakuna anayesema hajitegemei. Kila ninachosoma kinazungumza kujitegemea, na mimi nikitazama pembeni naona nyumba ambazo kila mtu kamwegemea mwenziwe. Labda ninamfundisha mwanangu maisha ya nchi nyengine.

Nilikaa na shaka hiyo siku nyingi. Kilichonitoa, kama nimetoka, ni yale majamvi. Kaka yangu anategemea, lakini naye hutegemewa: mama akiumwa yeye ndiye anayetafuta gari. Bwana Mdogo akikaa kwenye karafuu naye hutegemewa. Dukani hategemewi na mtu. Dukani anapewa tu.

## Hapana

Hili nitalipita haraka kwa kuwa bado linanichoma.

Tulimlea awe mtiifu. Njoo, anakuja. Kaa, anakaa. Mpe mkono mgeni, anatoa na kubusu. Mtu mzima yeyote akimpakata, anapakatika, na miaka 11 hiyo. Tukamsifu kwa hayo. Mwalimu wake ndiye aliyeniuliza, "Na mtu mbaya akimwambia njoo?"

Visa vya udhalilishaji tunavisikia kila siku, sihitaji kuvieleza. Tukaanza kumfundisha kusema hapana: nani anamwogesha, nani hamgusi pale, mlango wa choo unafungwa. Mwalimu alimchorea mwili kwenye karatasi, wakapaka rangi sehemu zake yeye mwenyewe.

Mwezi mzima alisema hapana kwa kila kitu. Uji hapana, chuo cha Kurani hapana, bibi hapana. Mama akaniuliza kama hiyo ndiyo elimu ya kisasa. Nilimwachia. Neno hilo alikuwa amelikosa miaka 11, na alikuwa na madeni nalo.

## Nilipomwomba ami amkatalie

Nilirudi dukani saa ya mchana, hakuna mtu barazani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani na yote yakapotea.

"Ami, nina ombi. Nikimtuma mwanangu, mchukulie pesa."

Akacheka. Nikamwambia sitanii.

"Na akija hana pesa, au pesa haitoshi, usimpe kitu. Mrudishe."

Hapo akaacha kucheka. Alikuwa anapima sukari. Akakiweka kijiko chini. "Dada'angu, nimrudishe yule mtoto analia, watu wananitazama? Watasema nini?"

Sikuwa na jibu la watu. Nikamwambia yale ya ndevu. Nikamwambia ya duka la Chake na mtu asiyemjua. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani nimemuudhi, mzee aliyenikopesha unga miaka mingapi. Kisha akasema, "Kwa hiyo thawabu yangu mnaninyima."

Nikasema, "Ichukue kwa kumngojea. Atachelewa kuitoa hiyo noti. Wewe mngojee."

Juma la tatu akaenda na sarafu ya 200, ile ya simba, kaichukua mwenyewe mezani, akataka boflo nne. Ami akamkatalia. Sikuwepo, nilimsikia kabla sijamwona, akilia njia nzima, na nyuma yake jirani yangu kamshika bega, boflo mkononi, kamnunulia kwa pesa yake. "Wewe mwanamke huna imani," akaniambia mbele ya mtoto. "Yatima ana mama kuliko huyu."

Nikachukua zile boflo. Nikasema ahsante.

Usiku ule nilitaka kuiacha kazi yote. Nilimtazama amelala, uso umevimba kwa kulia, na sikuona mwizi yeyote wa miaka 25. Niliona mtoto wangu na kitu kibaya nilichomfanyia. Nilikaa hapo mpaka karibu na adhana. Asubuhi alivaa shati mwenyewe, vifungo vyote sita, akaja jikoni akanyoosha mkono.

"Pesa," akasema. Nikampa elfu ya bluu.

Jirani alikaa wiki mbili bila kunisalimia vizuri. Sasa tunasalimiana, ingawa hakubali, na ninapomtuma Bwana Mdogo dukani namwona dirishani kwake akiangalia kama mimi. Ami siku hizi hunyoosha kiganja juu ya meza mapema, anakaa hivyo, anangoja. Wateja wengine wanangoja nyuma. Wanaguna, lakini wanangoja.

Jana nilimtuma tena. Alichelewa kidogo, nikaanza kuvaa viatu, ndipo akatokea mwembeni. Kiganja cha kushoto kitupu. Kikapuni boflo tatu. Kifuani, juu ya vifungo, makombo.

"Ya nne iko wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama, akaweka kikapu chini taratibu.

"Hapana," akasema, akaingia ndani.